Spoti zilizowaka kinyume: kisa cha Hilux ya Mau Narok

Shemeji yangu alinipigia simu saa mbili na nusu usiku, akaanza na maneno ambayo fundi wa stima hapendi kuyasikia: "Shemeji, usishtuke." Nyuma yake nilimsikia taniboi, msaidizi wake wa gari, akikohoa.

Walikuwa wanashuka kutoka Mau Narok kuja Nakuru, Hilux imejaa magunia ya viazi ya kupeleka sokoni alfajiri. Ukungu uliwashika huko juu, kama ilivyo kawaida ya huko, ukawaachia walipokaribia Egerton. Barabara ikawa nyeusi na tupu. Akasukuma mkono wa taa ulio kando ya usukani aweke fulu, ule mwanga wa mbali. Kwanza ikaja harufu ya plastiki, kisha moshi mweupe ukachomoza chini ya usukani. Akaegesha pembeni, akazima ufunguo. Injini ikanyamaza, moshi ukaendelea. Hapo ndipo alipoogopa kikweli, kwa sababu miaka yote aliamini kwamba ukishazima ufunguo, gari limelala.

Aliyewaokoa ni taniboi. Alifungua boneti, akashika kichwa cha betri, kile kibano cha waya wake, kwa mkono, akakivuta kikatoka bila spana. Kilikuwa kimelegea tangu mwaka uliopita, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamgombeza shemeji mara mbili kwa ajili hiyo. Usiku ule ulegevu wake ndio uliozuia dashibodi nzima isiwake.

Nieleze mapema kwamba mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni waya za majumbani hapa Nakuru: bodi za umeme, soketi, taa, mita za kununulia umeme. Lakini katika familia, ukijulikana unashika waya, utaletewa kila kitu chenye waya. Hii Hilux nilikuwa nimeiona mara nyingi. Ni ya dizeli, namba zake ni za KAB, kwa hiyo ina umri mkubwa kuliko taniboi wake. Injini haina neno. Stima zake ndizo zilizopitiwa na mikono mingi.

Siku tatu baadaye ndipo gari lilipofika kwangu, na halikuja likiwa limeungua. Lilikuja likiwa limetengenezwa, na likiwa na ugonjwa mpya ambao shemeji aliueleza kwa sentensi moja: "Nikiweka dimu spoti zinawaka, nikiweka fulu zinazima."

Dimu ni mwanga wa chini wa taa kubwa, na spoti ni taa za ziada alizokuwa amezifunga mbele. Nilicheka. Baadaye nilijuta kucheka, maana ilinichukua karibu asubuhi nzima kuelewa kwa nini.

Alivyofanya mwenyewe

Nilimwambia anisimulie tangu mwanzo, asiruke kitu, hata kile anachoona aibu. Nimejifunza hivyo kwenye nyumba za watu: chanzo cha hitilafu mara nyingi kiko kwenye ile sehemu ambayo mwenyewe anaipitia haraka.

Mwanzo ulikuwa taa hafifu. Taa kubwa za Hilux zilikuwa zinatoa mwanga wa manjano, na kwenye barabara ya Njoro usiku kuna punda, kuna baiskeli zisizo na taa, kuna watu wanaotembea pembeni wamevaa makoti meusi. Alibadilisha balbu mara moja, hazikusaidia. Akanunua spoti mbili za wati 55 kila moja, akazifunga juu ya bampa, na Jumapili moja akaketi na simu yake kutazama video ya mtu wa nchi nyingine akifunga spoti kwenye gari lake.

Video ilisema: tafuta waya wa fulu nyuma ya balbu kubwa, unganisha waya wa moto (wa chanya) wa spoti hapo, ule mwingine uufunge kwenye bodi ya gari. Ukiweka fulu, spoti zitawaka pamoja nayo. Balbu hizi, za aina iitwayo H4, zina filamenti mbili (nyuzi zinazowaka), ya dimu na ya fulu, na pini tatu, na mpangilio wa pini ni uleule dunia nzima, kwa hiyo hakukosea. Aliupata waya wa fulu wenyewe kabisa.

Jioni akawasha. Kwenye fulu, spoti hazikuwaka. Akarudisha dimu, zikawaka rangi ya machungwa, kama kaa linalokaribia kufa. Akadhani ameuziwa balbu bandia, akazirudisha dukani wakampa nyingine. Mambo yakawa yaleyale.

Ndipo akaamua, kwa maneno yake, "kuzipa nguvu". Akavuta waya kutoka kwenye betri, akaupitisha ndani ya kabini kwenye swichi ndogo ya kubonyeza, akaurudisha mbele na kuuunga pale pale kwenye waya wa spoti. Ule muunganisho wa kwanza na waya wa fulu hakuuondoa. Kwa nini auondoe? Haukuwa unamsumbua. Akiwasha swichi yake, spoti zilitoa mwanga mweupe wa kupendeza. Wiki nzima aliendesha akiwa na furaha, dimu na spoti, dimu na spoti.

Fyuzi alikuwa ameweka, tena nampa pongezi kwa hilo, ya kioo ya ampea 15. Iliungua siku alipomkonyezea matatu taa. Akaweka ya ampea 30. Ikaungua siku alipomkonyezea lori. Hapo akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na tangu hapo haikuungua tena.

Nilimuuliza: fyuzi mbili ziliungua ukifanya jambo lilelile, hukujiuliza? Akasema alidhani fyuzi za siku hizi hazina nguvu.

Fundi wa Njoro

Gari lilivutwa hadi Njoro, na asubuhi fundi mmoja wa stima za magari akaliangalia. Simlaumu sana. Alikuta waya umeyeyuka kuanzia kwenye betri hadi ndani, akakuta pia kwamba mahali ulipopenya kwenye bati linalotenganisha injini na kabini hapakuwa na mpira wa kulinda tundu, na bati lilikuwa limeanza kuula. Akasema: hapa ndipo ulipogusa bodi. Ni jibu ambalo hata mimi ningelitoa kama ningeamka vibaya. Ni kosa la kweli, na siku moja lingeleta moshi wake, lakini siku ile silo lililoleta. Pale penye tundu waya ulikuwa umechubuka, shaba ilikuwa bado haijaonekana. Tena moshi ulitoka sekunde ileile mkono wa taa uliposukumwa. Bati haliwezi kujua dereva ameweka fulu.

Fundi aling'oa waya zote za shemeji, akabadilisha mkono wa taa ulioyeyuka kwa mwingine uliotoka kwenye gari lililokatwa, kisha akafunga spoti upya kwa njia ambayo kila mtu huita sahihi: kwa rilei, yaani swichi inayowashwa kwa mkondo mdogo wa umeme. Rilei ya kawaida ina miguu minne iliyoandikwa namba. Ya 30 inapokea moto kutoka kwenye betri, ya 87 inaupeleka kwenye taa, na 85 na 86 ni ncha mbili za koili ndogo iliyo ndani. Koili ikipata moto upande mmoja na athi (upande wa hasi, yaani bodi ya gari) upande wa pili, inavuta na kuunganisha 30 na 87. Fundi aliunganisha 86 kwenye waya wa fulu na 85 kwenye bodi. Kazi safi, viungo vimebanwa vizuri, fyuzi ipo.

Na spoti zikawaka kinyume. Fundi akasema mkono wa taa aliouleta ni wa gari la aina nyingine na waya zake zimegeuka. Shemeji alipe kidogo, yeye azigeuze. Shemeji akaishiwa na subira pamoja na pesa, akaja kwangu.

Nusu saa niliyodanganyika

Nilianza na taa ya kupimia, ile yenye kibano cha mamba upande mmoja na msumari upande wa pili. Kibano nikakifunga kwenye bodi. Nikachomoa plagi ya balbu ya kushoto, nikawasha taa kubwa, nikaanza kugusa pini.

Kwenye dimu, pini ya fulu ikawasha taa yangu. Pini ya dimu, kimya. Nikamwambia taniboi aweke fulu. Pini ya fulu ikanyamaza, ya dimu ikawaka. Nikasema moyoni, fundi wa Njoro alikuwa sawa, huu mkono umegeuka. Pini ya tatu ilikuwa inawaka muda wote, fulu na dimu. Hilo nililiona, nikalipita. Nilidhani nimehesabu pini vibaya.

Pini ya tatu ingenitosha. Kwenye gari ambalo video ilitengenezwa nalo, pini hiyo ni athi, imefungwa kwenye bodi, haiwezi kuwasha taa ya kupimia hata mara moja. Yangu ilikuwa na moto mfululizo na mimi nikaendelea kama sijaona. Huwa nawasema vijana ninaowafundisha kazi kwa kosa hilohilo: kipimo kikikataa kukubaliana nawe, usikirekebishe kipimo.

Kilichonizindua ni usafi wa taniboi. Alikuwa amechoka kusimama, akaamua kupangusa vumbi kwenye taa ya kulia, na ili aifikie vizuri akachomoa plagi yake. Mimi upande wa kushoto nilikuwa nimekaza msumari kwenye pini ya fulu, taa ya kupimia inawaka mkononi. Ikazima.

"Umefanya nini?"

"Nimechomoa tu, mzee."

"Rudisha." Ikawaka. "Chomoa." Ikazima.

Kwa hiyo moto niliokuwa nauona kushoto haukuwa unatoka kwenye mkono wa taa. Ulikuwa unapita ndani ya balbu ya kulia, kwenye filamenti yake, ukizunguka hadi kwangu. Tukaziacha balbu zote mbili nje. Sasa pini moja tu ndiyo iliyokuwa na moto, ile ya tatu, na hizo mbili nyingine hazikuwa na kitu, fulu wala dimu. Nikakitoa kibano kwenye bodi, nikakifunga kwenye chanya cha betri, nikagusa tena. Dimu: pini ya dimu ikawaka. Fulu: pini ya fulu ikawaka. Kila kitu mahali pake. Mkono wa taa haukuwa umegeuka hata kidogo.

Hilux hii inakata athi, haikati moto.

Toyota nyingi za zamani zimeundwa hivyo, Hilux na Land Cruiser zikiwemo. Ukiwasha taa kubwa, moto unafika kwenye balbu zote mbili na kusimama hapo. Mkono wa taa hauupeleki popote. Kazi yake ni kuufungulia mlango wa kutokea, ama kupitia filamenti ya dimu ama ya fulu, kwenda kwenye bodi. Mimi niliyezoea nyumba hili lilinikalia vibaya, kwa sababu nyumbani ukikata nyutro (waya wa kurudishia) badala ya laivu (waya wa moto), taa itazima lakini holda inabaki inaua mtu, na mkaguzi atairudisha kazi yako. Kwenye gari la volti 12 hakuna wa kupigwa na umeme, na bodi yote ni athi, kwa hiyo kiwanda kiko huru kuchagua upande wa kukata. (Ndiyo maana pia kuna balbu za LED za bei rahisi ambazo mtu anazifunga kwenye Toyota kama hii zikakataa kuwaka, akazilaani. Zimetengenezwa kwa gari linalokata moto.)

Ukishaujua mlango uko wapi, kisa kizima kinajifungua chenyewe.

Zile taa za rangi ya kaa kwanza. Shemeji aliunga spoti kati ya waya wa fulu na bodi. Kwenye dimu, waya wa fulu haujafunguliwa mlango, kwa hiyo moto uliosimama kwenye balbu kubwa ulipata njia mpya: kupitia filamenti za fulu, kuingia kwenye spoti, kwenda bodi. Filamenti mbili za wati 60 na spoti mbili za wati 55 zikagawana volti 12, karibu nusu kwa nusu. Balbu ya halojeni ikipewa nusu ya volti haitoi nusu ya mwanga. Inatoa kama sehemu moja ya kumi, tena ya rangi ya machungwa. Akiweka fulu, ule waya unafungwa kwenye athi, spoti zinabaki na athi pande zote mbili, zinazima. Balbu alizorudisha dukani zilikuwa nzima.

Rilei ya fundi wa Njoro ilidanganywa kwa njia hiyohiyo, ila kwa umaridadi zaidi. Koili yake inahitaji mkondo mdogo sana, chini ya robo ya ampea. Mkondo huo ukipita kwenye filamenti ya fulu, filamenti haiwaki hata kidogo na haipotezi volti yoyote ya maana, kwa hiyo koili inapata karibu volti 12 kamili na kuvuta kwa nguvu. Kwenye dimu. Ukiweka fulu inaachia.

Na moshi? Swichi ya shemeji ilileta moto moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye waya wa spoti, ambao bado ulikuwa umeungwa na waya wa fulu. Kwenye dimu hakuna shida, waya wa fulu umefungiwa mlango. Akikonyeza au akiweka fulu, mkono wa taa unaufunga waya huo kwenye bodi. Maana yake chanya ya betri imeunganishwa na bodi kupitia mkono wa taa, bila taa yoyote katikati. Ni shoti kamili. Fyuzi ya 15 ilifanya kazi yake. Ya 30 ikafanya kazi yake. Karatasi ya sigara haina kazi. Na zile fyuzi za kiwandani za taa kubwa hazikuona lolote, kwa sababu mkondo haukupita kwao. Ulitoka betri, ukaingia kwa mlango wa nyuma. Ufunguo nao hivyohivyo: shemeji alizima kitu ambacho hakikuwa kwenye njia.

Waya wenyewe ulikuwa wa aina ya kamba ya redio, milimita mraba 0.75. Hapa mafundi wa nyumba ndio tunaokosea kuliko wote, kwa sababu tunahesabu wati. Spoti mbili ni wati 110. Nyumbani, kwenye volti 240, hiyo ni chini ya nusu ampea, na waya huo unatosha na kubaki. Kwenye volti 12 wati zilezile ni ampea 9. Mita tano za waya huo, kwa ampea 9, zinakula volti nzima moja kabla taa haijaonja kitu. Na kwenye shoti, ambapo mkondo unaweza kufika ampea 100, waya huo unageuka kuwa koili ya jiko.

Boliti chini ya usukani

Kwangu mimi kisa kingeweza kuishia hapo, lakini kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyeliuliza: taa kubwa zilikuwa hafifu kwa nini? Shemeji alinunua spoti kwa ajili ya hilo, na hilo lilikuwa bado lipo.

Nikarudisha balbu, nikawasha injini, nikaweka dimu, nikachukua mita ya kupimia volti. Kwenye betri: volti 13.9. Kwenye balbu yenyewe, kati ya pini ya moto na pini ya dimu: 11.6. Volti 2.3 zimepotelea njiani. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kidogo, lakini mwanga wa halojeni unaporomoka haraka kuliko volti. Ukipoteza sehemu moja ya kumi ya volti, mwanga unapungua kwa karibu theluthi. Kwa hesabu hiyo taa za shemeji zilikuwa zinatoa nusu na kidogo tu ya mwanga wake.

Kujua volti zimepotelea upande gani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Taa zikiwa zinawaka, weka ncha moja ya mita kwenye chanya cha betri na nyingine kwenye pini ya moto ya balbu: 0.6. Kisha pini ya dimu na hasi ya betri: 1.7. Kwa hiyo ugonjwa mkubwa ulikuwa kwenye mlango wa kutokea. Na kwa kuwa mkono wa taa ulikuwa umebadilishwa, nikaufuata waya wa athi unaotoka kwake, mweupe wenye mstari mweusi, hadi ulipofungwa kwa boliti kwenye bodi chini ya dashibodi.

Boliti ilikuwa na joto. Si la kuunguza, ni kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Volti 1.7 kwa ampea 9 ni wati 15, na nyingi kati ya wati hizo zilikuwa zinapasha moto kichuma hicho kila usiku tangu gari lilipopakwa rangi upya, maana chini ya kibati cha waya nilikuta rangi ya bluu, na chini ya rangi kutu. Nikatoa betri, nikafungua boliti, nikapiga msasa bati mpaka liking'aa, nikapiga msasa kibati, nikakaza, nikapaka grisi juu. Upande wa athi ukashuka kutoka 1.7 hadi 0.4. Balbu ikapata 12.9.

Shemeji alisimama mbele ya gari, ukutani kwangu kuna mwanga mweupe, akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo spoti sikuzihitaji?"

Kipande cha msasa kingetosha, ndiyo. Lakini alikuwa ameshazinunua, na sikutaka kumvunja moyo zaidi.

Tulizifunga hivi. Waya wa milimita mraba 2.5 wenye nyuzi nyingi, si ule wa nyumbani wa mti mmoja, ambao kwa mtikisiko wa barabara za huko juu ungekatika ndani ya ganda lake. Unatoka chanya cha betri, na ndani ya shubiri moja unakutana na fyuzi ya ampea 15. Fyuzi iko hapo kwa ajili ya waya, si kwa ajili ya taa, na kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi, ndiyo maana kiwe kifupi. Kutoka fyuzi hadi mguu wa 30 wa rilei. Kutoka 87 hadi spoti. Kila spoti na athi yake kwenye bati lililosuguliwa, si kwenye bampa, ambayo imeshikwa na boliti zenye kutu na rangi.

Upande wa koili ndio uliobadilika. Mguu wa 86 haukwenda kwenye waya wa fulu. Ulichukua moto kutoka kwenye pini ya tatu, ule moto unaofika kila taa kubwa zinapowashwa, ukipitia swichi ndogo ya shemeji. Mguu wa 85 ndio uliokwenda kwenye waya wa fulu. Sasa akiweka fulu, mkono wa taa unaipa koili athi, inavuta, spoti zinawaka. Akirudisha dimu, waya wa fulu unakuwa na moto kupitia filamenti, koili ina moto pande zote mbili, inaachia. Mambo yaleyale yaliyotudanganya ndiyo yanayofanya kazi sasa. Swichi ndogo inabeba mkondo wa koili tu, kwa hiyo hata waya mwembamba ulimtosha. Tundu la bati likapata mpira wake, na viungo nilivibana kwa koleo la kubania kisha nikavivika mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu nyeusi sikuitumia. Karibu na injini gundi yake huyeyuka na kufunguka yenyewe. Vifaa vyote havikuzidi shilingi 2,000, bila kuhesabu chai.

Swichi ile niliiacha kwa sababu ya ukungu. Wengi wa wanaopanda Mau hufunga spoti wakidhani zitapasua ukungu. Taa kali iliyo juu ya bampa ndani ya ukungu ni kama kujimwagia unga machoni. Huko anatakiwa awe kwenye dimu, polepole, spoti zimezimwa kwa swichi hata akikonyeza kwa bahati mbaya.

Usiku tukatoka kuijaribu hadi Njoro na kurudi. Dimu, fulu, konyeza, fulu na swichi, fulu bila swichi. Kila nikishuka nilishika ile boliti chini ya usukani, ilikuwa baridi. Fyuzi ya bluu, ile ya ampea 15, iko mahali pake.

Tulipofika nyumbani nikachukua spana namba 10 nikaze kichwa cha betri. Taniboi akanishika mkono.

"Mzee, hicho tukiache hivyohivyo."

Nilimweleza kwamba kichwa kilicholegea kinaharibu altaneta inayochaji betri, kinatoa cheche, kitamwacha barabarani siku ya mvua. Alinisikiliza kwa heshima, mkono wake ukiwa bado uko juu ya spana. Mwishowe tulikubaliana: nimekikaza, na Jumamosi shemeji ataleta swichi kubwa ya kukata betri, ile ya kuzungusha, niifunge mahali ambapo taniboi anaifikia bila kuuliza mtu.